Gari limeibwa Nakuru, kampuni ya bima inanizungusha. Waliopitia haya nisaidieni

Mkaazi_Kiamunyi (Nakuru)

Wadau, habari za leo. Nina Toyota Fielder ya 2015, au tuseme nilikuwa nayo. Iliibwa mjini Nakuru, barabara ya Oginga Odinga, jioni ya mvua, nikiwa ndani ya duka la dawa. Milango nilifunga, alamu ilikuwa imewekwa. Mlinzi wa duka la jirani anasema aliona kijana akiingia kama mwenye mali, akawasha na kwenda zake.

Usiku huohuo nilienda kituoni nikapewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kesho yake nikapata abstrakti (karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti). Kampuni ya bima nikaipigia asubuhi. Fomu nikajaza, nikapeleka nakala ya logbuku (hati ya umiliki wa gari), leseni, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na funguo zote mbili. Bima yenyewe ni komprehensivu, yaani inayofidia hata wizi, nililipa yote mara moja, si kwa mafungu. Thamani iliyoandikwa ni 1,150,000.

Tangu hapo mimi ni mpira. Ofisi ya Nakuru inasema faili iko Nairobi. Nairobi wanasema wanangoja ripoti ya mwisho ya polisi. Polisi wanasema hawajaombwa ripoti yoyote na mtu yeyote. Mpelelezi wa bima alikuja hadi nyumbani, akaniuliza kama nina madeni, kama gari lilikuwa sokoni, kama mke wangu anajua naendesha wapi jioni. Akanywa chai, akaondoka, hajaonekana tena.

Sijakataliwa, lakini pia silipwi. Wengine wananiambia niende kortini, wengine wananiambia nivumilie. Nyinyi mwasemaje?

BureKabisa

Pole bosi. Bima za hapa ni kama kuchangia harusi ya mtu usiyemjua. Kusanya hela nyingine ununue gari jingine, hiyo sahau.

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Mzee, usimsikize huyo. Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, na madai ya wizi hulipwa. Lakini hulipwa polepole, na anayenyamaza hulipwa mwisho.

Swali moja kwanza: kuna neno lolote ulilopata kwao kwa maandishi? Nimesoma uzi wako mara mbili naona "wanasema", "wanasema". Mambo ya simu hayapo. Siku mtakapofika mbele ya mtu wa kuamua, yule dada wa dawati la madai atakuwa amehamia kampuni nyingine na hakuna atakayekumbuka alikwambia nini.

Sheria ya Bima, Sura ya 487, kifungu cha 203, inaipa kampuni siku 90 tangu dai liripotiwe. Ndani ya siku hizo inatakiwa ikubali au ikatae, iseme ni pesa ngapi, na ilipe. Haisemi siku 90 tangu polisi wamalize uchunguzi. Kwa hiyo andika barua pepe leo. Weka nambari ya dai, tarehe uliyoripoti, orodha ya kila karatasi uliyowapa na aliyeipokea. Kisha uliza: ni kitu gani hasa bado mnakihitaji, mlikiomba kwa nani, na lini? Waambie wakutumie nakala ya hiyo barua ya maombi. Mtumie nakala meneja wa tawi na broka au ajenti aliyekuuzia.

Usitukane. Barua ya matusi hupewa watu kusoma wakicheka, haijibiwi.

Afande_Mstaafu (Njoro)

Naongezea upande wa kituo maana hapo ndipo wengi hukwama.

Abstrakti uliyopewa inasema tu kwamba umeripoti. Gari likiibwa lote, bima hutaka barua nyingine baadaye, kwamba uchunguzi umefanywa, gari halijapatikana, na hakuna anayemshuku mwenye gari. Hiyo barua haiandikwi kwa sababu wewe umeenda kuomba ukiwa na soda mkononi. Huandikwa kujibu barua ya kampuni iliyopelekwa kwa OCS (mkuu wa kituo) au ofisi ya DCI (wapelelezi wa jinai) ya eneo. Kama afisa anakwambia hajaombwa, kuna uwezekano mkubwa anasema kweli.

Mtafute afisa mpelelezi wa faili yako kwa jina, si "wale wa pale mbele". Muulize kama gari limeshatangazwa na kama NTSA (mamlaka inayosajili magari) wamearifiwa lisihamishwe jina.

Na toa hiyo abstrakti uisome sasa hivi. Angalia imeandikwa gari limeibwa, si "limepotea". Wizi wa gari una kifungu chake kwenye Kanuni ya Adhabu, 278A, na ni miaka 7 jela. Kupotea hupotea kitambulisho. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile za logbuku, tarakimu moja moja. Nimeona dai likilala kwa sababu karani aliandika 8 mahali pa B.

Busia_Mpakani

Mimi niko hapa mpakani, kazi yangu ni kuklia magari na mizigo, yaani kuyatoa forodhani. Nakuomba kitu kimoja: ile picha ya gari uliyoweka Facebook pamoja na nambari yako ya simu, iondoe nambari. Utaanza kupigiwa na watu waliokuwa pamoja na gari lako jana usiku. Mmoja ataliona Malaba, mwingine Isebania, mwingine limefichwa kwenye miwa Mumias, na wote watataka mafuta ya elfu mbili wakulindie lisisogee.

Ni kweli magari huvushwa, sitakuficha. Lakini kupita hapa kihalali mtu huonyesha logbuku, barua ya mwenye gari na bima ya COMESA, ile kadi ya njano inayotumika nchi jirani. Mwizi hana hizo, kwa hiyo hutafuta njia za panya. Na Fielder mara nyingi haina haja ya kusafirishwa. Taa, gia, milango, injini, vyote vina soko papa hapa nchini.

Mkaazi_Kiamunyi (Nakuru)

@Busia_Mpakani umechelewa kidogo, nimeshapigiwa. Mmoja alisema yuko nyuma ya gari langu Kericho wakati huohuo mwenzake analifuata Bungoma.

@Broka_Mstaafu @Afande_Mstaafu asanteni sana. Abstrakti iko sawa. Barua pepe nimeandika, nikamtumia nakala na meneja. Nimejibiwa kesho yake! Miezi yote hiyo kimya, barua moja ikawaamsha. Wamenitumia nakala ya barua waliyowaandikia polisi. Sasa mshangae na mimi: wameiandikia Naivasha. Gari limeibwa Nakuru, abstrakti ina muhuri wa Nakuru, fomu niliandika Nakuru, barua ikaenda Naivasha. Ndiyo maana kila mtu alikuwa anasema ukweli wake na mimi ndiye nilikuwa naonekana msumbufu.

Wameandika nyingine. Hii nimeipeleka mwenyewe, nikahakikisha nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Afande_Mstaafu (Njoro)

Umefanya vizuri hapo kwa muhuri.

MamaTwins_Kondele (Kisumu)

Baba pole. Wewe angalau unangoja. Mimi nilikataliwa kabisa.

Nilikuwa na Toyota Axio yangu naikodisha, mtu anajiendesha mwenyewe. Kijana akaja na kitambulisho, leseni, amevaa vizuri, akasema anaenda harusi Bungoma, atarudi Jumapili. Akalipa kwa M-Pesa. Jumapili simu imezimwa. Kitambulisho kumbe ni cha mtu aliyepoteza chake Eldoret. Niliporipoti kwa bima wakaniandikia barua ya ukurasa mmoja: ufunguo ulimpa mwenyewe kwa hiari, huo si wizi tunaoufidia.

Sasa niambieni. Gari yangu haipo, aliyeichukua hakuninunulia, polisi wamefungua faili ya wizi. Bima ndio wanajua wizi kuliko polisi?

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Dada yangu, pole mno. Hilo ndilo linalowaumiza watu wa magari ya kukodisha kuanzia hapa Kisumu hadi Nairobi. Hati nyingi za bima zina kipengele kinachoondoa hasara inayotokana na mtu uliyemkabidhi gari mwenyewe akalifanya lake. Kwa polisi ni kosa la jinai, kwa mkataba wa bima ni hatari ambayo hukuilipia. Vitu viwili tofauti.

Sasa angalia bima yako ilikuwa ya aina gani. Kama ilikuwa ya gari la binafsi, basi wana sababu ya pili, maana gari la binafsi haliruhusiwi kukodishwa. Kama ulichukua bima ya magari ya kukodisha na ajenti akakuambia inafidia hata mteja akitoroka nalo, tafuta hayo maneno kwenye ujumbe wa WhatsApp, kwenye pendekezo la bei, popote. Kuna kampuni huongeza kinga hiyo kwa malipo ya ziada, lakini ni lazima iwe imeandikwa.

MamaTwins_Kondele (Kisumu)

Ilikuwa ya binafsi. Ajenti ndiye aliniambia niandike hivyo, eti ni nafuu.

Wakili_Kando (Kakamega)

Ajenti wa namna hiyo ana leseni ya kila mwaka kutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Mlalamikie huko kwa jina. Gari huenda lisirudi, lakini atajieleza.

Mwalimu_Molo

Samahani naingilia. Mimi gari langu lina mkopo wa benki, logbuku ina majina mawili, langu na la benki. Likiibwa analipwa nani?

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Benki kwanza, kiasi cha deni lililobaki. Kinachozidi ndio chako. Na wakati unangoja bima, endelea kulipa mkopo. Benki haijali gari liko wapi.

Mkaazi_Kiamunyi (Nakuru)

Wadau, nimerudi. Ripoti ya polisi ilitoka, dai limekubaliwa. Nilifurahi kwa muda wa kufungua kiambatisho. Wananipa 870,000, kisha wanatoa asilimia 10 ya eksesi (sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe), yaani 87,000. Mkononi 783,000. Wameambatisha vocha ya kusaini kwamba nimeridhika na sina madai mengine.

Nilikatia gari 1,150,000! Ada walichukua kwa hesabu ya 1,150,000, karibu asilimia 4, elfu arobaini na sita. Hiyo 870,000 imetoka wapi?

Jamaa_wa_Lanet

Usikubali hata shilingi moja chini. Ulilipia 1,150,000, wakupe 1,150,000. Ni hesabu ya darasa la pili.

BureKabisa

Chukua hizo 783 ukimbie kabla hawajabadilisha mawazo.

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Nyote wawili mmekosea, na @Jamaa_wa_Lanet nakuelewa kwa sababu hata mawakala wengi husema hivyohivyo wakiuza.

Ile 1,150,000 ni dari, haimaanishi utalipwa zote. Mkataba wa kawaida wa gari husema utalipwa bei ya soko ya gari dakika ile kabla halijaibwa, isiyozidi kiasi ulichokatia. Gari likiwa limeshuka hadi laki nane, unalipwa nane. Likiwa limepanda hadi milioni moja na nusu, unalipwa dari yako basi.

Lakini bei ya soko haiotwi. Ulipokata bima ulipeleka gari kwa mtathmini, sivyo? Nani alikuchagulia?

Mkaazi_Kiamunyi (Nakuru)

Wao wenyewe. Walinipa barua niende kwa mtathmini wao hapa mjini. Ripoti ninayo, ina picha, kilomita, hali ya rangi, matairi. Ilisema 1,150,000. Ni kabla ya wizi kwa miezi minane hivi.

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Basi hapo una karata nzuri. Mtathmini wao aliliona gari kwa macho, akaligusa, akaandika 1,150,000. Sasa kuna mtu ambaye hakuwahi kuliona, ameketi mezani akaandika 870,000. Hiyo ni karibu robo ya thamani imeyeyuka ndani ya miezi minane. Waulize kwa maandishi: nani alitathmini, lini, alilinganisha na magari gani. Omba ripoti yenyewe, si nambari tu.

Na wewe kusanya yako. Chukua matangazo ya Fielder za mwaka huohuo, injini hiyohiyo, kutoka yadi tofauti. Weka risiti za sevisi, matairi mapya kama ulinunua. Usisahau magari ya mtumba hayashuki tu kila mwaka kama wanavyopenda kusema. Shilingi ilipofika karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, gari la mwaka uliopita liliuzwa bei ya juu kuliko lilivyonunuliwa. Soko ni soko, likipanda ni lao na likishuka ni lao pia.

Hiyo vocha usiisaini. Ukisaini kwamba umeridhika umefunga mlango kwa mkono wako. Kama una shida ya pesa sana, waombe walipe ile 783,000 isiyobishaniwa huku mkiendelea kujadili iliyobaki, na uandike wazi kwamba kupokea kwako hakuondoi haki yako ya kudai zaidi. Wengine hukubali.

Jamaa_wa_Lanet

Na hiyo asilimia 10 je? Si wizi mwingine huo?

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Hiyo iko kwenye mkataba, hapo hana la kubishana. Kwa hati nyingi za hapa Kenya ngazi ni hizi: gari lisilo na kifaa chochote cha kuzuia wizi, unabeba asilimia 20. Lenye alamu, 10. Lenye traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) inayofanya kazi, 2.5. Kwa gari la 1,150,000 ni tofauti ya 115,000 na 28,750. Lakini zingatieni neno "inayofanya kazi". Traka ambayo malipo yake ya mwaka yaliisha na hukuyalipa, usishangae wakikuhesabu huna.

Kuna na ile kinga ya eksesi mnayouziwa na kulipia kila mwaka. Isomeni. Nyingine hufidia ajali tu, wizi haumo.

Wakili_Kando (Kakamega)

Upande wa sheria kwa ufupi maana niko njiani Chavakali.

Wasipojibu au wakikataa kueleza, peleka malalamiko IRA. Ni bure, huhitaji wakili, unatuma barua na viambatisho na wao wanaiandikia kampuni ijieleze. Kampuni nyingi hupenda kumaliza mambo kabla hayajafika huko.

Korti ya Madai Madogo mwisho wake ni shilingi 1,000,000, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Wewe mnabishania tofauti tu, kwa hiyo kiasi si kikwazo. Lakini soma kwanza kurasa za nyuma za hati yako. Karibu kila hati ina kipengele cha usuluhishi kinachosema mkibishana juu ya kiasi mwende kwa msuluhishi kabla ya korti, na nyingine zinaweka muda mfupi tangu dai likataliwe. Sheria inatoa miaka 6 kwa mikataba lakini usilalie hiyo.

Mkaazi_Kiamunyi (Nakuru)

Nimeandika. Nimeweka ripoti ya mtathmini wao, matangazo ya yadi za Nakuru, Kisumu na Nairobi, risiti ya matairi manne, na sentensi moja kwamba wasiponipa msingi wa 870,000 nitapeleka faili yote IRA. Sikutishia zaidi ya hapo.

Mkaazi_Kiamunyi (Nakuru)

Jibu limekuja. Ile ripoti ya 870,000 hawajanitumia mpaka leo, naona hata wao hawataki kuiona. Badala yake nimepigiwa na meneja wa madai mwenyewe, sauti tamu, "mzee wetu", akataka tukubaliane kwa simu. Nikamwambia aandike. Akaandika: 1,040,000. Toa asilimia 10, yaani 104,000, inabaki 936,000.

Nimekaa na mama watoto tukaliangalia. Ningeweza kuvuta kamba hadi 1,150,000, lakini gari lilikuwa limeongeza kilomita nyingi miezi hiyo, na kila wiki nakodi gari kupeleka bidhaa zangu Njoro na Elburgon. Nimekubali. Wanataka nihamishe umiliki kwenda kwa kampuni kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) kabla ya pesa kutoka. Hiyo ni kawaida?

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Ni kawaida, na umepata bei ya haki. Wakishakulipa gari ni lao. Likipatikana kesho kichakani Salgaa likiwa zima, wao ndio wataliuza, si wewe. Lingepatikana kabla ya malipo ndipo wangelitengeneza na kukurudishia. Ila vocha ya sasa isome: iwe na kiasi kamili cha 936,000 na tarehe ya kulipa. Usihamishe umiliki kwa ahadi ya mdomo.

Mkaazi_Kiamunyi (Nakuru)

Tarehe ilikuwa haimo. Nimeirudisha, wameiweka. Na ile ada ya miezi minne iliyobaki kwenye bima, narudishiwa?

Broka_Mstaafu (Kisumu)

Hapana. Gari likilipwa lote, bima imemaliza kazi yake na ada yote imeliwa. Ungekuwa unalipa kwa mafungu wangekukata na yale yaliyobaki.

MamaTwins_Kondele (Kisumu)

@Broka_Mstaafu nimepata ujumbe wa WhatsApp wa yule ajenti. Ameandika kwa mkono wake "weka private mama hawataangalia". Unanisaidia kwa IRA?

Wakili_Kando (Kakamega)

Usiufute huo ujumbe na usibadilishe simu! Piga skrinshoti yenye nambari yake na tarehe, jitumie kwa barua pepe. Halafu fungua uzi wako, dada. Huu umekuwa mrefu na la kwako ni kesi nyingine kabisa.